Motoka ya Umeme, Kuran ya Nani?

Ukitaka kujua umezungukwa na wataalamu wangapi, sema tu kwamba unatafuta gari. Mimi hata sikusema. Nilinong'ona, tena kwa mtu mmoja, nikinunua vitumbula asubuhi. Kufika saa sita mchana Mokambo nzima ilikuwa na msimamo. Muuza makala ya kupikia, ambaye tangu nimfahamu hajaendesha kitu kisicho na pedali, alinisimamisha njiani kunieleza kwa nini injini ya mazuti hudumu kuliko ya esansi. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akasema magari yote ni upuuzi, treni ndiyo kitu. Mama wa vitumbula yeye aliuliza swali moja tu, nalo ndilo lililonikera kuliko yote: "Na franga iko?"

Franga iko. Si nyingi. Iko ya kununua motoka moja kutoka Japani, iliyochokwa na watu wa kule, yenye umri wa mtoto wa kuingia sekondari. Tabu ni kwamba zamani ulinunua gari uliloliweza, ukaambiwa linakunywa nini, ukalinywesha, basi. Siku hizi wanataka uchague kwanza: esansi (petroli), mazuti (dizeli), au kuran (umeme). Na kila kimoja kina mtu wa kukitetea, hata kama hakimhusu.

Kwa asiyepajua kwetu, Mokambo ni mpaka. Huku Kongo, kule Zambia, na Mufulira iko karibu kiasi kwamba vijana wa baiskeli huenda na kurudi na mifuko ya unga asubuhi hiyohiyo. Wazambia nao hupita kwetu: akitaka kutoka migodi ya Copperbelt kwenda Luapula kwa mkato, Mzambia hana budi kuvuka kile kipande cha Kongo kilichowachomeka mbavuni, kutoka hapa Mokambo mpaka daraja la Chembe. Mistari hiyo ya mpaka ilikubaliwa na Waingereza na Mfalme Leopold mwaka 1894, na ni wazi hakuna kati yao aliyetarajia kuipita kwa gari.

Kisha Wazambia wanaendesha kushoto, sisi kulia. Ukivuka kizuizi, unahama upande na kuomba Mungu. Na magari ya Japani tunayoyamudu usukani wake uko kulia, maana yake huku kwetu dereva unakaa upande wa mtaro. Unajua vizuri hali ya nyasi. Ukitaka kulipita lori, huoni chochote. Anayeona ni aliyeketi kushoto, yaani mke wako. Yeye ndiye anayechungulia, yeye ndiye anayesema "pita" na "ngoja", na yeye ndiye anayesema "pita... ngoja!" Nimesafiri na majirani wenye magari ya namna hiyo, na ninaamini nusu ya ugomvi wa ndoa za Katanga huanzia nyuma ya lori la tani 30.

Sasa, shemeji. Mdogo wa mke wangu anaishi Lubumbashi, kule Kampemba, na ana simu yenye intaneti ya kutosha kuharibu familia mbili. Alikuja Jumapili, akala bukari yetu na sombe mpaka sufuria ikasikitika, akafuta mikono, akatoa picha ya Nissan Leaf.

"Yaya, ile motoka hainywake esansi hata kidogo. Batu ba Ulaya bote njo banatembeza ile."

"Na kuran utaitosha wapi?"

"Mu nyumba, yaya. Unaichomeka tu, kama telefone."

Kama telefone! Telefone yangu mimi huchajiwa kwenye kibanda cha kijana mwenye paneli ya jua, kwa malipo, pamoja na telefone za nusu ya mtaa. Unaiacha pale, unapewa karatasi yenye namba, unarudi jioni na kugombana kuhusu chaja. Nikajiona nimeliacha gari kibandani kwa utaratibu huohuo, nimeshika namba 14, narudi magharibi na kukuta gari la mwenzangu ndilo limejaa, langu bado liko kwenye foleni nyuma ya redio mbili na taa ya kanisa.

Shemeji akasema nisiwe na roho ya kizamani. Basi nikaomba tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haina shemeji. Leaf za kwanza, zile zilizoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambazo sasa zimeshuka bei hadi kufikia watu wa aina yangu, zina betri ya kilowati-saa 24. Zilipokuwa mpya kabisa, wapimaji wa Marekani waliziandikia maili 73 kwa chaji moja, kama kilomita 117. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya hapo hata ukiruka angani kama kunguru, na mimi siruki, ninafuata mashimo. Hapo tunasema ilipokuwa mpya. Betri hizo hazina mfumo wa kuzipoza, joto huzichakaza, na hiyo ya kwangu ingekuwa imechakaa kabla haijapanda meli. Kasumbalesa, iliyo njiani, huenda ningeifikia. Pale ningelala, nikitafuta mwenye nyumba wa kumwambia: samahani mama, naomba kuchomeka gari.

Na kulijaza kwenye soketi ya nyumbani ni saa nane na zaidi, kuran ikiwa haikatiki. Rudia sehemu hiyo ya mwisho polepole. Kuran yetu ina tabia ya mgeni wa usiku. Inaingia watu wamelala, inawasha taa zote mlizosahau, inachemsha pasi, na alfajiri imeshaondoka bila kuaga. Ningelazimika kulala ndani ya gari waya ukiwa mkononi. Mke wangu amekwisha sema hilo halimsumbui.

"Weka paneli za jua," akasema shemeji, ambaye hana paneli.

Tukaendelea na hesabu. Paneli ya wati 300 ikipata saa tano za jua kali inakupa kilowati-saa moja na nusu. Kuijaza betri ile kwa siku moja unahitaji paneli 16. Bati langu haliwezi kubeba paneli 16. Bati langu linabeba matofali manne na tairi ili upepo usilichukue, na hata hayo linayabeba kwa malalamiko. Na hata lingeweza, mtu mwenye paneli 16 juu ya nyumba hapa mpakani halali tena. Anakuwa mlinzi wa paneli 16, mwenye gari asiloweza kuliendesha kwa sababu akiondoka tu hatazikuta.

"Basi grupe," akasema.

Yaani ninunue jenereta, nilinyweshe esansi, litoe umeme, umeme uingie kwenye gari ambalo sifa yake kubwa ni kwamba halinywi esansi. Nilimtazama shemeji kwa muda. Huyu kijana amesoma.

Sijataja bado kwamba maandishi ya ndani ya magari hayo ni Kijapani kitupu. Siku betri inapokata roho katikati ya pori, gari litanijulisha kwa adabu zote, nami nitadhani linanisalimu. Wala sijataja ukimya. Hapa petu mbuzi, kuku, watoto na watu wazima waliokunywa lutuku husikiliza gari kwa masikio, hawalitazami. Gari lisilo na kelele Mokambo ni kesi ya fidia inayotembea.

Lakini shemeji alikuwa amebakiza risasi yake kubwa. Akaegemea kiti akasema: "Yaya, ile betri ni ya kwetu. Kobalti yake inatoka mu udongo wa Katanga."

Hapo alinigusa, na ndipo nilipokasirika kwelikweli. Kongo hii hutoa karibu robo tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na karibu yote inatoka huku kwetu, upande wa Kolwezi na Fungurume. Hata lile lima jeusi la takataka za kiwanda pale Lubumbashi, lililokaa kando ya bomba refu la moshi ambalo kila mtu hupiga nalo picha, limechimbuliwa upya kwa sababu ndani yake kuna kobalti. Takataka zetu zina thamani kuliko motoka ninayoitafuta. Kila siku malori yanapanga foleni mpakani yakiwa na shaba na mifuko mikubwa ya kobalti, yakishuka kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban, na kutoka huko hadi China, ili wenye mji fulani mbali sana waendeshe gari lisilotoa moshi. Malori yenyewe yanakwenda kwa mazuti. Moshi wake wanatuachia sisi. Mimi ninaupokea barazani, na chai.

Sheria ya madini ilibadilishwa mwaka 2018, na kabla mwaka haujaisha kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, mrabaha ukapanda mpaka asilimia 10. Tulifurahi. Mimi binafsi nilifurahi bila kujua kwa nini. Baadaye bei ikaporomoka kwa sababu kobalti ilimwagika sokoni kupita kiasi, na Februari 2025 Kinshasa ikafunga mlango: hakuna kuuza nje. Oktoba mlango ukafunguliwa nusu, kwa mgao, tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026. Kwa hiyo sasa kobalti nayo inatoka kwa zamu kama kuran. Na wakati sisi tunagawa tani, Wachina wanazidi kuunda betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata chembe. Hebu fikiria: kitu kimoja ulimwengu ulichotuhitajia, na wameanza kujifunza kuishi bila sisi kabla sijapata hata gari moja la kujaribia.

Shemeji, akiona ninapanda presha, akanitajia Ethiopia. Ni kweli, Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kwamba haitaruhusu tena kuingiza magari ya esansi na mazuti. Lakini Ethiopia wana bwawa lao kubwa la Mto Nile, walilolizindua Septemba 2025. Sisi tuna mabwawa ya Inga. Inga mbili za zamani, na ile Inga kubwa ya megawati zaidi ya 40,000 iliyo kwenye karatasi tangu mimi nikiwa na nywele. Ule waya kutoka Inga mpaka Kolwezi ni kama kilomita 1,700. Ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukapita juu ya vijiji visivyohesabika bila kushuka hata kimoja, kwa kuwa ulikuwa na haraka ya kufika migodini. Na bado haukutosha: migodi yenyewe inanunua umeme kutoka Zambia na kuwasha majenereta ya mazuti. Kisha mwaka 2024 ukame ukakausha bwawa la Kariba, Zambia ikaingia gizani. Hapa mpakani ilikuwa mara ya kwanza kuona pande mbili zinakubaliana jambo.

Mzee wa reli, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake tangu asubuhi, ndipo akakohoa. Akatukumbusha kwamba Katanga ilikuwa na treni za umeme tangu 1952, wakati wa kampuni ya reli ya BCK, njia ya Tenke. "Sisi tulipanda umeme wakati baba zenu hawajaoana," akasema, "na hakuna aliyeuliza utaitosha wapi." Sikuwa na jibu. Nilisoma mahali kwamba hata mtu wa kwanza kuvusha gari kilomita 100 kwa saa alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, mwaka 1899, na gari lake lilikuwa la umeme, umbo la kombora. Huyo bwana alikufa mwaka 1913 kwa kupigwa risasi na rafiki yake porini, kwa sababu alijificha kichakani usiku akilia kama mnyama ili kuwachekesha wenzake. Sijui inahusiana vipi na uamuzi wangu, ila tangu nisome habari hiyo ninawaangalia wapenzi wa magari ya umeme kwa uangalifu zaidi.

Mazuti, basi. Fundi wetu wa chini ya mwembe ni muumini wa mazuti, na nabii wake ni injini ya Toyota iitwayo 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ile iliyo ndani ya Land Cruiser za misheni na za migodi. Anaitaja kwa sauti ya chini. Haina kompyuta, haina turbo, inakunywa mazuti yenye maji, yenye mchanga, yenye dhambi, na inaamka asubuhi. Nikamwuliza bei yake. Akacheka, fundi mwenzake akacheka, hata mvulana wa kubeba spana akacheka. Magari ya dizeli ninayoyaweza mimi ni yale ya kisasa, yenye sindano nyembamba ambazo, kwa maneno yake, "zinataka mazuti ya hospitali". Ukizitilia mazuti ya hapa petu siku moja, unauza shamba.

Na kinachoniudhi kuhusu mazuti ni jinsi yalivyo karibu. Kuna bomba linaloanzia Dar es Salaam na kufikia Ndola, kilomita 1,710, limekuwepo tangu 1968. Zamani lilibeba mafuta ghafi, tangu 2023 linabeba mazuti yaliyosafishwa. Ndola! Mazuti yanasafiri chini ya ardhi kutoka Bahari ya Hindi, yanapita Tanzania nzima, yanavuka Zambia, yanakuja kusimama karibu na mlango wetu, na hapo ndipo safari inapoanza. Kuna lori la tangi, kuna foleni, kuna muhuri, kuna muhuri wa kuthibitisha muhuri, kuna bwana wa dwane, yaani forodha, aliyekwenda kula. Kilomita hizo chache za mwisho, nadhani ndizo tunazolipia.

Kwa hiyo imebaki esansi, na sitadanganya kwamba ninaipenda. Bei yake hupangwa Kinshasa na kubadilishwa mpakani. Pampu ikikauka, tunakwenda kwa kadhafi, kijana mwenye meza ya mbao, chupa za plastiki zilizojaa kitu cha rangi ya chai, na faneli aliyoikata kwenye chupa nyingine. Anachuja kwa kitambaa. Sitauliza kitambaa kilikuwa nguo ya nani. Nimeona injini zikikohoa baada ya chupa zake, na nimemwona yeye akiapa kwa jina la mama yake kwamba tatizo ni injini.

Lakini kadhafi ana sura. Ninajua anapoishi. Ninajua mke wake, ninajua deni lake kwa kwado wa tairi, na yeye anajua langu kwa wote wawili. Saa nne za usiku mtoto akishikwa na homa, ninagonga dirisha lake, ninamwita mwanangu, yeye ananiita papa, tunalalamika pamoja kuhusu serikali, na chupa mbili zinatoka chini ya kitanda kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Anaandika ukutani kwa makala. Mazuti yana kampuni. Umeme una nguzo, nami nguzo nimewahi kuisemesha, tena kwa maneno makali, haikunikopesha kitu. Kati ya hao watatu wa kubembelezwa, ninamchukua yule anayeweza kuona aibu.

Hivyo nikatangaza barazani: Toyota IST, esansi, sentimita moja mbele ya uzee. Muuza makala akatikisa kichwa kwa huzuni na kuondoka. Fundi akasema nitarudi tu. Mke wangu, ambaye siku zote hizo alikuwa anachambua sombe bila neno, akauliza kama kiti cha kushoto kina mkanda, maana yeye ndiye atakayekuwa anachungulia malori. Akaongeza: "Na papa, nikisema ngoja, ungoje."

Nilidhani mambo yameisha. Jumatano shemeji akapiga simu. Amepata kitu kingine, Toyota Aqua, mseto, inakunywa esansi na ina betri pia.

"Kwa hiyo nitakuwa nabembeleza pande mbili kwa mpigo?" nikamwuliza.

"Hapana, yaya! Ile haichomekwake. Inajichaji yenyewe. Kila mara ukifunga frein, kuran inaingia mu betri."

Kila mara ukifunga breki. Nikaifikiria barabara yetu, shimo baada ya shimo, kizuizi baada ya kizuizi, lori baada ya lori, mke wangu akipiga kelele ngoja, ngoja, ngoja. Nikamwambia shemeji kama ni hivyo, nitaingia Lubumbashi nikiwa na umeme wa kuwauzia Zambia, aniulizie bei.